Mzee wako anahitaji watu, sio muamala tu

Baba alipofariki ndugu zangu walitaka tumhamishie mama Dar, mimi nikakataa. Nimeona wazee wengi wanaletwa mjini kwa nia njema kabisa, asubuhi nyie mmeenda kazini, wajukuu shule, geti limefungwa, mzee anabaki na tivii na dada wa kazi aliye bize na simu, anakula vizuri na dawa anazo ila hana hata wa kumpigia hodi. Mama akabaki kwake Muheza.

Kama wako yupo peke yake, anza na mwili jamani. Tunadhani mzee kajitenga, kumbe hasikii vizuri na kachoka kuuliza "umesemaje?", au mkojo unamsumbua anaona aibu kukaa msibani masaa mawili. Mpeleke hospitali. Halafu tafuta bodaboda mmoja muaminifu, mlipe wewe, awe anampeleka kisomo na kumrudisha.

Ila kubwa kwangu ni hili, mzee awe na kitu ambacho wengine wanakihitaji kwake. Mama ni fundi wa mikeka, tukamnunulia miyaa na rangi, wakaanza kuja wenzie wawili watatu kusuka ukili barazani jioni, mara mabinti wa mtaani nao wanataka kufundishwa, siku hizi nikipiga naambiwa "mwanangu nipigie baadae nina wageni". Yani nafurahi mno! Kule Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza 2006 kuwafundisha bibi wa mtaani wakae kwenye benchi wawasikilize watu wenye msongo wa mawazo, na utafiti uliotoka 2016 ulionyesha waliokaa nao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi ndo mtoa huduma hapo.

Na hela unayotuma iwe na fungu la upatu na rambirambi, kwa sababu mzee asiye na cha kuchangia anaanza kukwepa shughuli mwenyewe, hata muwe mnampenda vipi. Ndo maana naipenda pensheni jamii ya Zanzibar, ilianza 2016 na sh 20,000 kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na zaidi, ni ndogo ila ni yake, anatoa bila kuomba mtu.

Namba ya jirani yake unayo? Mpigie leo, msalimie, muulize bi mkubwa katoka nje jana?