Kabla Mtendaji Hajaandika Jina la Marehemu, Tafuta Kitambulisho Chake

Baba alifariki nyumbani, alfajiri ya mwezi wa sita, kijijini kwetu upande wa Usoke, wilaya ya Urambo. Kufika saa nne vijana walikuwa wanachimba kaburi nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, na mtendaji wa kijiji alishafika na pikipiki yake. Akaweka kitabu cha vibali juu ya tangi la mafuta, akafungua kalamu kwa meno, akauliza, "Jina la marehemu?" Baba mdogo akajibu kama ambavyo kijiji kizima kingejibu: "Maganga."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka pale. Nilisikia na sikusema kitu, kwa sababu baba alikuwa Maganga kweli. Ndilo jina alilorithi kwa babu yake, ndilo aliloitwa shambani na gulioni, ndilo mama alilolia nalo asubuhi ile. Lakini kwenye kadi ya NIDA, yaani kitambulisho cha taifa, benki na kwenye daftari la chama cha msingi cha wakulima alikuwa Ramadhani. Neno lile moja lilituchukulia miezi saba. Kila nikienda msibani siku hizi naona kosa lile lile likikaribia kutokea, na ndiyo maana naandika.

Kwanza tutofautishe karatasi mbili ambazo watu wengi wanazichanganya. Kibali cha mazishi kinatolewa na hospitali kama mtu amefia huko, au na mtendaji kama amefia nyumbani. Kinakuruhusu kuzika, basi. Cheti cha kifo ni kitu kingine: kinatolewa na RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na kwa sisi wa wilayani huduma hiyo tunaifuata kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Ila cheti kinazaliwa na kibali. Jina lililoandikwa kwenye kibali ndilo litakalokufuata kote, liwe sahihi au lisiwe.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa, hata kabla ya kuulizana nani analeta turubai, ni kumpa mtu mmoja mwenye utulivu jukumu la kutafuta kitambulisho cha marehemu. Kadi ya NIDA ikipatikana ndiyo bora. Isipopatikana, kadi ya mpiga kura, ya bima ya afya, cheti cha ubatizo, hata kitabu cha benki. Mtu huyo akae karibu na mtendaji na amsomee jina herufi kwa herufi. Kama marehemu alifia hospitali, fanyeni hivyo hivyo pale dirishani kabla hamjauchukua mwili, kwa sababu mara nyingi anayempeleka mgonjwa usiku ni jirani au dereva wa bodaboda, na jina analotaja mapokezi ni lile analolijua yeye. Kibali kikishatolewa, kipige picha kwa simu na utoe nakala mbili. Chetu kilikunjwa kikatiwa kwenye mfuko wa kanzu ya baba mdogo, na kanzu ikafuliwa. Tulichobaki nacho kilikuwa kinasomeka nusu.

Sasa muda. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Ukichelewa bado utaandikisha, lakini ada inapanda na vielelezo vinaongezeka. Siku 30 zinaonekana nyingi ukizisoma hapa. Msibani haziwi nyingi. Matanga yanakula wiki, wageni wa mbali wanaondoka mmoja mmoja, halafu mnaanza kuhesabu arobaini. Kwa sisi Waislamu mama yuko eda, miezi minne na siku kumi, na watu wanasema tumsubiri atoke ndipo twende. Hakuna haja ya kumsubiri. Ndugu aliyekuwepo wakati wa kifo anaweza kwenda kuandikisha.

Kuna jambo lingine linalochelewesha, na hili watu hawalisemi wazi. Anayekimbilia cheti anaonekana anakimbilia mali. Siku ya tano nilipogusia habari ya kwenda Urambo, shangazi aliniangalia akasema, "Udongo wa kaka yangu haujakauka, wewe unatafuta karatasi za benki?" Nikanywea. Leo ningefanya tofauti. Jambo hili lisemwe hadharani siku ya kuondoa matanga, ukoo wote ukiwa umekaa, na ndugu wamchague wao wenyewe atakayefuatilia. Wakishamchagua mbele ya wazee, anakwenda kwa niaba yao na hakuna wa kumnyooshea kidole. Na shangazi aliumia kweli, nisimlaumu. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba cheti si cha mali peke yake.

Maana huko ndiko tuliumia zaidi. Malipo ya tumbaku ya msimu ule yaliingia kwenye akaunti wiki ya pili baada ya mazishi, yakakaa humo. Hilo tungelivumilia. Lakini mdogo wetu wa mwisho alikuwa amemaliza kidato cha sita mwezi wa tano, na Bodi ya Mikopo inamtaka mwanafunzi aliyefiwa na mzazi alete cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA. Cheti hatukuwa nacho. Dirisha la maombi ya mkopo wa chuo likafungwa, kijana akakaa nyumbani mwaka mzima akichoma tofali. Kwa hiyo hata kama marehemu wako hakuacha shilingi wala kiwanja, andikisha kifo chake. Mjane akitaka kuolewa tena, mtoto akidai mafao ya mfuko wa pensheni, bima, yote yanaanzia kwenye cheti hicho.

Tulipokwenda ofisini hatimaye, siku 30 zilikuwa zimepita zamani. Afisa aliweka kile kibali kilichofuliwa upande wa kushoto, kadi ya NIDA upande wa kulia, akavisoma kimya mara mbili. Kisha akaniambia kwa upole, "Dada yangu, kwa karatasi hii aliyefariki ni Maganga. Ramadhani bado yuko hai." Sikumchukia. Alikuwa sahihi, na mtu anayekubali majina yasiyolingana leo kesho atakubali ya tapeli.

Kama nanyi mmeshafika hapo, njia ipo. Sisi tulirudi kwa mtendaji wa kijiji na wa kata, wakaandika barua kwamba Maganga na Ramadhani ni mtu mmoja. Baba mdogo akala kiapo cha maandishi kwa wakili kuthibitisha hilo. Tukaambatisha kadi ya NIDA na ya mpiga kura. Ni safari nyingi, Usoke kwenda Urambo na kurudi, na kila safari kuna sahihi iliyosahaulika, kwa hiyo kabla hujatoka ofisini mwombe afisa akutajie vyote vinavyotakiwa na uviandike mbele yake. Maombi yanafanyika pia kwa mtandao kupitia mfumo wa eRITA: unafungua akaunti, unapakia vielelezo, unapewa kontroo namba ya kulipia na unachagua ofisi ya kuchukulia cheti. Lipa kwa kontroo namba hiyo tu. Wapo wanaojitolea "kukusaidia" nje ya geti. Cheti chao kitakwama siku ya uhakiki, na atakayeaibika ni mtoto wako.

Cheti kikitoka, kisome kabla hujaondoka dirishani: jina, tarehe, mahali. Kisha tengeneza nakala kadhaa na uzipeleke zikathibitishwe kwa wakili. Halisi usimwachie mtu, onyesha tu. Kwenye mirathi hakikisha jina lililo kwenye muhtasari wa kikao cha ukoo ni lile lile la kwenye cheti. Sisi shauri lilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na karani alianza kwa kulinganisha karatasi hizo mbili kabla hajauliza swali lolote.

Cheti cha baba kilitoka mwezi wa kwanza. Nilimpelekea mama nyumbani. Yeye hajui kusoma, akaniomba nimwonyeshe jina lilipo. Akaweka kidole hapo, akauliza, "Na Maganga wameliandika?" Nikamwambia hapana, mama, halipo. Akanyamaza kidogo, akasema basi litaandikwa kwenye kaburi, na mdogo wangu alipopiga plasta alilichora kwa msumari saruji ikiwa bado mbichi.

Mwezi uliopita jirani yetu alifariki. Nilipofika, mtendaji alikuwa anashuka kwenye pikipiki, na mama alikuwa tayari amesimama mlangoni kwa marehemu, kadi ya NIDA mkononi.