Uliza Ujibiwe: Kwa nini "look forward to hearing" na si "to hear"?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaandika barua za kuomba kazi kwa Kiingereza, na kila barua huifunga kwa sentensi "I look forward to hear from you". Juzi rafiki niliyempa barua aipitie kabla sijaituma alilikata neno "hear", akaandika "hearing" juu yake. Shuleni tulifundishwa kwamba baada ya "to" kitenzi hubaki kama kilivyo: "to go", "to eat", "to read". Nani yuko sahihi? Naomba pia kujua kama maneno hayo yana maana ileile ya "kutarajia", na kama ni bora niandike "I look forward" au "I am looking forward". (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki yako yuko sahihi, ingawa mwalimu wako naye hakukosea, kwa kuwa kanuni aliyokufundisha inahusu "to" nyingine. Kiingereza kina "to" mbili zinazoandikwa kwa namna moja. Ya kwanza hutangulia kitenzi, kama katika "I want to go". Ya pili ni kihusishi, kama katika "I went to Dodoma", na baada yake hufuata nomino, kiwakilishi, au kitenzi kilichofanywa nomino kwa kuongezewa "-ing". "To" iliyomo katika "look forward to" ni hiyo ya pili, na ndiyo sababu tunaandika "I look forward to the meeting", "I look forward to it" na "I look forward to hearing from you".

Ukitaka kuzitambua, weka neno "it" mara baada ya "to" uone kama sentensi inasimama. "I look forward to it" inasimama. "I want to it" haisimami. Kipimo hicho kitakufaa pia kwa "object to", "in addition to" na "with a view to", ambazo zote hudai "-ing" zikifuatwa na kitenzi. Pa kuwa mwangalifu zaidi ni kwenye "used to". "I used to wake up early" maana yake ni kwamba zamani nilikuwa nikiamka mapema, lakini "I am used to waking up early" maana yake ni kwamba nimezoea kuamka mapema. Anayezichanganya hizi mbili katika usaili anaweza kuwaeleza waajiri kwamba bidii yake ilikwisha zamani.

Kwa maoni yangu, kosa hili linatuandama sisi wasemaji wa Kiswahili kwa sababu ya kiambishi chetu "ku-". Katika Kiswahili kiambishi hicho hufanya kazi zote mbili: tunasema "nataka kuimba", na papo hapo tunasema "kuimba kwake kunapendeza", ambapo "kuimba" ni nomino kamili ya ngeli ya KU, yenye upatanisho wake. Umbo halibadiliki. Mwingereza hutumia "to sing" mahali pa kwanza na "singing" mahali pa pili. Kwa hiyo anayewaza "natazamia kupata jibu lako" huichukua "ku-" akaifanya "to", kisha akaona kazi imekwisha, wakati "kupata" ya hapo ni nomino, na "to" iliyokwishaandikwa ni sehemu ya "look forward" yenyewe. Wapo pia wanaoiacha "to" na kuandika "looking forward for your reply". Hilo nalo ni kosa, tena nadhani linatokana na mazoea ya "waiting for".

Kuhusu maana, "kutarajia" hakulingani sawasawa na "look forward to". Kutarajia ni kuona kwamba jambo huenda likatokea, liwe jema au baya. Mamlaka ya Hali ya Hewa inaweza kutangaza kwamba mvua kubwa inatarajiwa, na hakuna anayedhani kwamba mamlaka inazifurahia. "Look forward to" ni kungoja kwa hamu na furaha. Ukimwandikia mfiwa "I look forward to the funeral", utakuwa umemwambia kwamba unayasubiri mazishi kwa shangwe. Kwa jambo lisilo na furaha tumia "expect", au ukanushe: "I am not looking forward to the exam", yaani mtihani huo unaniogopesha au sina hamu nao kabisa.

Usiiache "from" pia, kwa sababu "hear from" ni kupata habari au jibu la mtu, ilhali "hear you" ni kuisikia sauti yako. "I look forward to hearing you" ingemfaa zaidi mtu anayemwandikia mwimbaji au mhadhiri. Ikiwa unataka kutaja jambo utakalofanyiwa, sema "I look forward to being invited for an interview", ingawa mimi mwenyewe nisingeiweka sentensi hiyo kwenye barua ya kazi, kwa maana inakaribia kumwamulia mwajiri.

Kati ya "I look forward" na "I am looking forward", zote mbili ni sahihi, ila hazina uzito mmoja. Ya kwanza ni rasmi na hukaa vizuri katika barua za ofisi. Ya pili ina ukaribu zaidi, nayo inafaa kwa rafiki, ndugu, au mtu mliyekwishazoeana kikazi. Ule ufupisho wa "Looking forward" peke yake, bila mtendaji na bila "to", uuache kwenye ujumbe wa simu. Barua yako ifunge hivi: "I look forward to hearing from you", uweke nukta, kisha uandike "Yours faithfully" ikiwa ulianza kwa "Dear Sir or Madam", au "Yours sincerely" ikiwa ulimtaja mwandikiwa kwa jina.