Maswali yenu kuhusu Shaolin na mlima Songshan

Nilisoma miaka mitano Zhengzhou, makao makuu ya jimbo la Henan nchini China. Kutoka bwenini kwetu hadi hekalu la Shaolin ni mwendo wa basi wa saa moja na nusu, mbili kukiwa na foleni. Nimekwenda huko majira yote, mara nyingine na wageni kutoka nyumbani, mara nyingi peke yangu. Niliposema nitajibu maswali ya wanaotaka kwenda, yamekuja mengi. Nimeanza na haya.

Mimi Shaolin naijua ya kwenye mikanda tu, tulikuwa tunaiangalia kibandaumiza. Mahali penyewe papo kweli? (Msomaji, Dodoma)

Papo, kaka, tena ni pa zamani sana. Hekalu lilijengwa mwaka 495 kwa amri ya mfalme Xiaowen wa nasaba ya Wei ya Kaskazini, kwa ajili ya mtawa aliyetoka India akiitwa Batuo. Liko Dengfeng, chini ya mlima Shaoshi, na jina limetoka hapo hapo: Shaolin ni msitu wa Shaoshi. Mlima huo na jirani yake Taishi ndio wanaounda Songshan, mlima wa katikati katika milima mitano ambayo Wachina wameitukuza tangu enzi za wafalme.

Ila jiandae kwa jambo moja. Mwaka 1928, wakati wababe wa vita wakigombea China, askari wa Shi Yousan walilichoma hekalu. Moto uliwaka zaidi ya siku 40 na maktaba yote ikateketea. Kumbi nyingi utakazoziona zimejengwa upya, hasa baada ya filamu ya mwaka 1982 aliyoigiza Jet Li kuvuta wageni kutoka kila upande. Ukiona rangi mbichi ukutani usidhani umedanganywa. Tafuta vilivyonusurika, na vipo.

Nimefundishwa kwamba kung fu ilianzishwa na Bodhidharma. Mwalimu wangu ni mkali, sitaki kubishana naye bila ushahidi. (Msomaji, Kisumu)

Hili nalipenda, acha nilieleze kwa kirefu.

Simulizi yenyewe ni kwamba Bodhidharma, ambaye Wachina humwita Damo, alitoka India, akaingia pangoni juu ya hekalu na kukaa miaka tisa akiutazama ukuta. Alipotoka akawakuta watawa wamedhoofu kwa kukaa, akawafundisha mazoezi. Sehemu ya pango ni ya imani, na Wabudha wa madhehebu ya Chan, ambayo Wajapani huyaita Zen, wanamheshimu kama mwanzilishi wao. Mwanafunzi wake Huike anasemekana alisimama kwenye theluji akiomba kufundishwa, mwisho akajikata mkono kuonyesha nia yake. Ndiyo maana utawaona watawa wa Shaolin wakisalimia kwa kuinua mkono mmoja kifuani.

Hiyo ya mazoezi sasa ndiyo yenye shida. Inatokana na kitabu cha mazoezi ya viungo cha mwaka 1624, yaani zaidi ya miaka elfu moja baada ya Damo. Wanahistoria hawaikubali.

Ushahidi wa kweli uko kwenye jiwe. Ndani ya hekalu kuna bamba la mawe la mwaka 728 linaloeleza jinsi watawa walivyomsaidia Li Shimin vitani mwaka 621 dhidi ya mpinzani wake Wang Shichong. Li Shimin ndiye aliyekuja kuwa mfalme Taizong wa nasaba ya Tang, naye hakuwasahau, na majina ya watawa 13 waliotunukiwa yameandikwa. Karne ya 16 watawa wa Shaolin walipelekwa tena pwani kupigana na maharamia. Na silaha iliyowapa sifa siku hizo ilikuwa fimbo, wala si ngumi. Mtu wa Lamu aliyekulia kwenye kirumbizi, ngoma ya fimbo, ataelewa haraka kuliko sisi wa bara.

Ushahidi mwingine uko chini ya miguu. Nenda ukumbi wa nyuma kabisa, unaoitwa wa Mabudha Elfu, ulionusurika moto. Sakafu yake ya matofali ina vishimo 48, mahali watawa walipokanyaga kwa mazoezi kizazi baada ya kizazi. Mara ya kwanza nilipita bila kuviona. Mara ya pili nilifika asubuhi, jua likiingia kwa ubavu mlangoni, na kila kishimo kilikuwa kimejaa kivuli. Matofali yamelika taratibu, kingo zimekuwa laini kama jiwe la kunolea kisu lililotumika tangu enzi za babu. Nilisimama pale hadi watu wa nyuma wakanisukuma. Mwambie mwalimu wako aende akaone, ugomvi utaisha.

Mimi ni Mwislamu. Nitakula nini, na je, nikiingia hekaluni nitalazimishwa kuabudu? (Msomaji, Tanga)

Hakuna wa kukulazimisha, dada. Wanaochoma udi wanachoma, wanaotazama wanatazama. Kama una wasiwasi wa kidini, muulize sheikh wako kabla ya safari, mimi si wa kutoa fatwa.

Chakula kisikutishe. Henan ina Waislamu wengi wa kabila la Hui. Tafuta mgahawa ulioandikwa *qingzhen*, yaani halali, mara nyingi kibao ni cha kijani na kina maandishi ya Kiarabu. Agiza *huimian*: tambi pana zinazovutwa kwa mkono mbele yako, ndani ya supu nzito ya mifupa ya kondoo. Bakuli moja linakutosha hadi jioni. Usiingie ovyo migahawa mingine hata ukiagiza mboga, kwani mafuta ya nguruwe ni ya kawaida jikoni. Chakula cha watawa hakina nyama kabisa. Na kumbuka kibla huko ni magharibi, si kaskazini kama tulivyozoea kwetu.

Wahui nao wana mtindo wao wa mapigano, Xinyi Liuhe, wenye mizizi kwa Waislamu wa Luoyang, jirani tu na Songshan. Si watu wengi wanaolijua hilo.

Mwanangu anataka kunipeleka, ila nina miaka 67 na magoti yananisumbua. (Mama, Morogoro)

Shikamoo mama. Nenda. Kuna vigari vya umeme vya kukusogeza kutoka getini kuelekea ndani, unalipia kidogo. Hekalu limejengwa kwenye mteremko, kila ukumbi uko juu kidogo ya uliotangulia, hivyo ngazi zipo lakini chache chache na unaweza kupumzika. Kuna pia gari la kamba la kupanda Shaoshi. Pango la Damo liache, ngazi zake ni nyingi mno. Njia ya Sanhuangzhai, inayoning'inia ubavuni mwa jabali, mwachie mwanao.

Kijana wangu wa miaka 16 ameacha kusikiliza darasani, anataka kwenda Shaolin. Wakala anadai tumtangulizie pesa, anasema atarudi na cheti cha mtawa. (Baba, Mwanza)

Mzee wangu, usitoe hata shilingi kabla hujasoma haya.

Hekalu ni kitu kimoja, shule za kung fu ni kitu kingine. Dengfeng imejaa shule. Kubwa kuliko zote, Tagou, ilianza mwaka 1978 na ina wanafunzi makumi ya maelfu. Ni shule halali, za bweni, ngumu sana. Utawa ni nadhiri ya dini. Mtu hunyolewa kichwa na kuacha ndoa na nyama, na jambo hilo halipatikani kwa ada. Anayekuuzia cheti cha mtawa anakuuzia karatasi.

Nimewaona wale watoto asubuhi ya Januari, kabla hakujapambazuka, safu kwa safu wakikimbia barabarani na mvuke ukiwatoka mdomoni. Mmoja alisimama kufunga kamba za viatu akashindwa, vidole vimevimba kwa baridi. Mwenzake akapiga goti akamfungia, wakaondoka mbio. Niliwaheshimu sana, na niliwahurumia.

Mwache amalize kidato cha nne. Akiendelea kutaka, dai jina la shule kwa maandishi ya Kichina, hakikisha ubalozini au kwa Mtanzania aliyeko huko kwamba ina kibali cha kupokea wageni, na lipa kwenye akaunti ya shule yenyewe. Barua ya mwaliko ya shule ndiyo itakayotumika kuombea viza ya masomo. Wakala asiyeweza kukupa hayo mkimbie.

Niko Guangzhou kwa biashara, nina siku tatu. Zinatosha? (Msomaji wa Lubumbashi)

Zinatosha, ndugu. Treni ya mwendokasi kutoka Guangzhou Kusini hadi Zhengzhou Mashariki ni saa sita au saba, halafu basi la Dengfeng. Lala Dengfeng, usirudi Zhengzhou siku hiyo hiyo. Pasipoti iwe mkononi, bila hiyo hupati treni wala hoteli, na weka kadi yako kwenye Alipay, programu ya kulipia kwa simu, kabla hujaondoka. Usiende tarehe 1 hadi 7 Oktoba: ni sikukuu ya taifa, utaona migongo ya watu tu.

Siku ya pili usibaki Shaolin. Nenda ukaone mnara wa Songyue, wa matofali, wenye pande 12, uliosimama tangu karne ya 6. Halafu nenda Gaocheng, ambako mtaalamu wa nyota Guo Shoujing alipima kivuli cha jua karne ya 13 na kalenda yake ikapata mwaka wa siku 365.2425. Maeneo hayo yote, pamoja na Shaolin, yameandikwa na UNESCO kama urithi wa dunia tangu 2010.

Nasikia mkuu wa hekalu amekamatwa. Bado panafunguliwa? (Msomaji, Nairobi)

Panafunguliwa. Julai 2025 hekalu lilitangaza kwamba Shi Yongxin, aliyeliongoza miaka mingi, anachunguzwa kwa tuhuma za fedha, na cheti chake cha utawa kikafutwa. Nafasi imechukuliwa na Shi Yinle, aliyetoka hekalu la Farasi Mweupe la Luoyang.

Ile minara mingi inayoonekana pichani, naweza kupiga nayo picha? (Msomaji, Arusha)

Unaweza, ukikaa nje ya uzio. Ule unaitwa Msitu wa Minara, na ni makaburi. Ipo zaidi ya 200, wa zamani kabisa ni wa mwaka 791, na mingi ni ya watawa wenye majina. Fika kabla ya saa tatu asubuhi, waongoza wageni wenye vipaza sauti bado hawajaingia, utasikia ndege na mfagio wa mzee anayezoa majani. Msalimie, *zao*, ndiyo habari za asubuhi. Mimi alinijibu.