Nimefuta spishi 17 kwenye listi yangu na wala sijuti

Jana usiku nilikaa na daftari langu la viumbe na kalamu nyekundu nikaanza kukata. Nilikuwa na spishi 231, saa hizi ninazo 214. Ambao hawako kwenye hii hobi wataona mtu mzima kakosa kazi ya kufanya, ila walioko ndani wanajua kukata jina moja tu kunavyouma, sasa mi nimekata 17 kwa mkupuo na hakuna aliyenilazimisha.

Kwa wageni kidogo: listi ya maisha ni orodha ya kila spishi ya porini uliyoiona wewe mwenyewe tangu uanze kuandika. Ukimwona shomoro leo unamwandika, akija kesho haongezi namba, shomoro keshakwisha huyo. Kuna wanaohesabu ndege peke yake, kuna wa vipepeo, kuna wa mimea, na kuna wale kama mimi nilivyoanza, kila kinachotembea kinaingia. Ni hobi rahisi kweli kuanza na ngumu kuifanya vizuri, na ugumu wenyewe hauko kwenye kutafuta wanyama, uko kwenye kujua umeona nini.

Nikupe mfano wa aibu. Kwa miaka miwili mizima mi kila kandege keusi kanakokata hewa jioni nilikaita mbayuwayu. Nimeandika mbayuwayu, nimeandika mbayuwayu mwingine "mdogo", nimeandika na wa tatu "mwenye kiuno cheupe", nikajiona mtaalamu. Kumbe wawili kati ya hao hawakuwa mbayuwayu kabisa, walikuwa teleka, na teleka na mbayuwayu si ndugu hata wa mbali, wanafanana tu kwa sababu wote wanakula wadudu angani. Siku niliyoelekezwa nilitaka kucheka. Mbayuwayu anakaa kwenye waya wa umeme, tena wanapanga foleni. Teleka haezi, miguu yake ni mifupi, imetengenezwa kwa kung'ang'ania ukuta au mwamba na si kusimama, kwa hiyo ukimwona amekaa kwenye waya ujue si teleka, maliza kesi. Halafu bawa la teleka limepinda kama mundu na linakaa gumu gumu, la mbayuwayu linakunjika anavyopiga. Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund kule Sweden mwaka 2016 walionyesha kwamba teleka wa kawaida wa Ulaya anaweza kukaa hewani miezi 10 bila kutua, yaani anakula huko huko na kulala huko huko. Mi nilikuwa nimemwandika kama jirani yake wa kwenye waya. Wote wawili nimewakata, kwa sababu hata baada ya kujua ni teleka, sikuwa na maelezo ya kutosha ya kujua teleka gani.

Na hapo ndipo kiini cha makala hii kilipo. Jina ulilolipata baadaye kwa kukisia halina thamani kwenye listi. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama utasoma aya moja tu basi iwe hii: andika ulichokiona kabla hujafungua kitabu au simu. Ukishaona picha tu kumbukumbu yako imeharibika, inaanza kujishonea. Utakumbuka kifua kilikuwa cha njano kwa sababu kwenye picha ni cha njano. Mi sasa hivi naandika pale pale hata kama mwandiko unatisha. Hii hapa moja ya kwangu, nainakili ilivyo: "mdogo kuliko shomoro. mgongo kahawia, hauna michirizi. nyusi nyeupe inaanzia mdomoni inapita jicho. mkia mrefu ameusimamisha juu. anakaa chini chini kwenye kichaka hataki kutoka. tek tek tek kavu." Hakuna jina. Jina lilikuja siku tatu baadaye na nilikuwa na uhakika nalo, kwa sababu nilikuwa na nyusi, mgongo na mkia vyote kwenye karatasi, sikuhitaji kubishana na kichwa changu.

Angalia pia nimeandika "mdogo kuliko shomoro" na sio sentimita 11. Hakuna mtu anayeweza kukadiria sentimita za ndege aliye juu ya mti, tunajidanganya tu. Chukua viumbe watatu unaowajua vizuri, mfano shomoro, njiwa na kunguru, hao ndio rula yako.

Yule aliyeniuma zaidi jana alikuwa tai. Nilimwandika mwaka wa kwanza kwa herufi kubwa na nikachora nyota pembeni. Sasa wiki iliyopita nilikuwa na mpwa wangu, ana miaka tisa, anapenda kupekua hilo daftari kuliko katuni, akasoma maelezo kwa sauti: "kahawia wote, mkubwa, anazunguka juu ya jalala, mkia una pengo katikati, anaupinda pinda." Akanyamaza kidogo. Akasema, "Mjomba, mwenye mkia wa pengo si mwewe?" Ni mwewe ndugu zangu. Mwewe mweusi mkia wake una pengo na anaugeuza kama usukani anaporuka, huo mkia peke yake unatosha, na tai mkia wake ni wa duara au kama kabari. Maelezo nilikuwa nayo sahihi kabisa kwa mkono wangu, ila nilitaka tai. Nilishaona mwewe mara mia, nikawa na hamu ya namba mpya. Nyota nimeikata pia.

Kitu cha pili, sheria. Andika sheria zako ukurasa wa kwanza kabisa kabla hujaanza kuhesabu, maana ukiziacha kichwani zitabadilika kila unapokutana na kitu unachokitamani. Chama cha watazama ndege cha Marekani, ABA, kina sheria zake na msingi wake ni kwamba ndege awe hai, awe wa porini na awe huru, sio aliyenaswa wala aliyefungiwa, na yai halihesabiki. Kwao kumsikia tu kunakubalika. Mi hapo natofautiana nao kidogo, sauti naiandika kwa penseli na nasubiri nimwone ndo naweka wino. Kuna bundi yuko kwenye penseli mwaka wa pili huu, kila usiku ananicheka. Vilivyokufa barabarani sihesabu. Nyayo na mavi sihesabu pia, japo wengine wanahesabu na siwezi kuwalaumu, nyayo ikiwa safi inasema mengi. Wewe weka zako, muhimu uzifuate hata siku zinapokunyima kitu kizuri.

Kuhusu majina, weka jina la kisayansi pembeni ya jina la kawaida. Najua linaonekana la kujidai ila majina yetu ya kila siku mara nyingi ni ya kundi zima. Ukiandika "kereng'ende" umeandika spishi zaidi ya 6,000. Ukiandika "mjusi" ndo kabisa. Mfumo wa majina mawili ulianza kutumika kwa wanyama mwaka 1758 kwa kazi ya Linnaeus wa Sweden, jina la kwanza ni la jenasi, yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu, na linaanza kwa herufi kubwa, la pili dogo, mfano shomoro wa majumbani ni Passer domesticus. Ukiwa na hilo jina, mtu wa lugha yoyote ile anajua unamzungumzia nani.

Halafu, wanasayansi wanabadilisha mambo. Kuna wakati spishi moja inagawanywa kuwa mbili au tatu na kuna wakati zinaunganishwa. Mwaka 2021 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilianza kuwatathmini tembo wa Afrika kama spishi mbili, wa msituni na wa savana. Mwaka 2024 yule bundi mweupe wa maghalani, ambaye watu walikuwa wanamhesabu kama mmoja dunia nzima, kwenye orodha inayotumiwa na eBird, programu ya kurekodi ndege, aligawanywa kuwa watatu. Kwa hiyo aliyewahi kumwona Afrika na Amerika na akaandika ni wapi, aliamka asubuhi namba imepanda bila kutoka kitandani. Ambaye hakuandika mahali hana kitu. Phoebe Snetsinger, Mmarekani aliyeambiwa ana saratani ya ngozi mwaka 1981 akaamua kuzunguka dunia kuangalia ndege, mpaka anafariki kwa ajali ya gari Madagaska mwaka 1999 alikuwa ameona zaidi ya spishi 8,000, na alisifika kwa kuandika kila kitu kwa undani. Sisemi ufike huko (mi 8,000 sizifikii hata nikizaliwa tena), nasema tarehe na mahali usiviruke hata kwa kunguru.

Sasa programu za simu. iNaturalist ipo tangu 2008 na eBird tangu 2002, zote ni za bure na zote natumia. iNaturalist inapokea kila kiumbe, unapiga picha unaipandisha, watu wengine wanakuja kukubali au kukataa jina lako, na ili ipande daraja la utafiti, yaani ihesabike ya kuaminika, zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa jina wanatakiwa kukubaliana. Kwa mtu anayeanza hiyo ni shule kubwa mno, unakuta mtu wa mbali huko anakwambia kwa upole angalia mishipa ya bawa. eBird ni ya ndege tu na inataka ueleze umetembea dakika ngapi na kilomita ngapi, na inataka wote, hata shomoro, kwa sababu kutokuwepo kwa ndege nako ni taarifa. Merlin, programu ya tatu, inasikiliza sauti za ndege, hiyo ya sauti imekuja 2021, ni tamu lakini ni ya kukuonyesha tu wapi pa kuangalia. Ikisema kuna fulani, nyanyua darubini umtafute. Nane kati ya zile 17 nilizozikata zilikuwa ni programu imependekeza jina na mimi nikabonyeza sawa. Nane! Wengi wao ni nyigu na buibui, na kusema kweli buibui wengi huwezi kuwatenganisha bila hadubini, kwa hiyo kuishia kwenye jenasi ni jibu halali, usione aibu.

Na hifadhi nakala. Mwaka mmoja nilikuwa naandika kwenye simu tu, simu ikaingia maji, basi. Miezi tisa imeenda na hiyo simu. Sasa daftari na mtandaoni vyote viwili.

Darubini watu huwa wanaulizia sana. Ukiona 8x42, ile 8 ni mara ngapi inakuza na 42 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Watu wanakimbilia 10 au 12 wakidhani kubwa ndio nzuri, mkono ukitetemeka kidogo ndege anacheza disko. Chukua 8. Na kama huna kabisa usisubiri, anza na wadudu, hao wanakuja wenyewe. Tundika shuka jeupe nje usiku usio na mwezi, joto liwepo kidogo, weka taa mbele yake uone. Mara ya kwanza nilikaa mpaka saa saba usiku, nondo mmoja alitua kwenye mkono wangu, nikamulika nikaona ana manyoya shingoni kama koti la baridi na vipapasio vyake ni kama vitana viwili vidogo. Hapo ndipo nilipoacha kuhesabu kila kitu nikaamua mwaka mzima niende na nondo tu, na nilijifunza zaidi mwaka huo kuliko miaka mitatu ya kudonoa donoa huku na kule. Kwa hiyo ukichoka, punguza uwanja, chagua kundi moja.

Mengine ni adabu ya kawaida. Jiwe ukiligeuza lirudishe lilivyokuwa, kuna mtu anaishi chini. Kiota usikisogelee kwa ajili ya picha. Usipige rekodi ya sauti ya ndege mara ishirini ili atoke, anadhani kavamiwa. Na mnyama anayewindwa usiweke picha yenye mahali kamili mtandaoni, iNaturalist yenyewe inaficha mahali kwa spishi nyingi zilizo hatarini ila kwingine unakoweka picha hawafichi.

Mpwa wangu naye kaanzisha ya kwake, ana 41. Tumegombana jana kwa sababu ya namba 41, ni kasuku wa jirani. Namwambia sheria inasema wa porini na huru, ananijibu alitoroka siku mbili akakaa juu ya mti na yeye alimwona siku hizo hizo mbili, akiwa huru. Nimemwambia alirudi mwenyewe kwenye tundu saa ya chakula. Akasema sheria haisemi habari za chakula. Nimeangalia, kweli haisemi.