"Mmeelewa?" "Ndiyooo!": maswali yenu kuhusu kupima uelewa darasani

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: nitajuaje kama wanafunzi wameelewa, kabla mtihani haujaniumbua? Nimechagua nane. Baadhi nimezifupisha, wenyewe mtanisamehe.

Kila nikimaliza kueleza nauliza "Mmeelewa?" nao wanaitikia "Ndiyooo!" kwa sauti moja. Nikija kusahihisha madaftari natamani kulia. Wananidanganya?

Hapana, mwalimu mwenzangu, wanakuitikia tu, kama mtu anavyoitikia salamu. "Mmeelewa?" ina jibu moja la adabu, na wamelijua tangu siku za mwanzo za shule. Isitoshe, asiyeelewa mara nyingi hajui kwamba hajaelewa. Na yule anayejua ana sababu nzuri ya kunyamaza mbele ya wenzake wote.

Mimi somo hili nililipata kwa aibu. Nilifundisha usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga, kipindi kizima, nikachora jani ubaoni na mishale ya mwanga, maji na hewa ya ukaa. Wanafunzi walitaja kila kitu bila kukosea. Nikauliza mmeelewa, wakaitikia. Zilikuwa zimebaki dakika tano, nikasema haya, kila mtu aandike sentensi moja kwenye kikaratasi: mti mkubwa umeupata wapi uzito wake wote ule?

Nilianza kuvisoma huku natabasamu. Cha kwanza: "kwenye udongo". Cha pili: "mbolea". Cha tatu: "unakunywa maji na kula udongo kwa mizizi". Nilipofika cha kumi tabasamu lilikuwa limeshakwisha. Mbao, ukiondoa maji, imejengwa kwa sehemu kubwa na hewa ya ukaa iliyonaswa na majani, na hilo ndilo nililodhani nimelifundisha. Wao walikuwa wamekariri neno "usanisinuru" vizuri kabisa, na mti wao bado unakula udongo.

Kwa hiyo acha kuuliza kama wameelewa. Uliza swali ambalo aliyeelewa na asiyeelewa hawawezi kulijibu sawa.

Shuleni kwetu tunafanya jaribio kila Ijumaa na kujaza alama. Je, huo si ndio upimaji endelevu?

Jina hilo limebebeshwa mizigo miwili. Kukusanya alama kila wiki ili mwisho wa mwaka zijumlishwe ni mtihani uliokatwa vipande vipande. Hauna ubaya, lakini kazi yake ni nyingine, si ile ya kupima ili urekebishe ufundishaji wako.

Tofauti hiyo ilipewa majina yake mwaka 1967 na Michael Scriven, aliyekuwa akizungumzia tathmini ya mitaala: ipo tathmini ya kurekebisha kitu kikiwa bado kinatengenezwa, na ipo ya kukihukumu kikiwa kimekamilika. Muda mfupi baadaye mwanasaikolojia wa elimu Benjamin Bloom akalileta wazo hilo kwenye ujifunzaji wa wanafunzi. Mwaka 1998 Paul Black na Dylan Wiliam wa London walipitia machapisho yapatayo 250 kuhusu jambo hili, wakaona kwamba mwalimu akiimarisha upimaji wa aina ya kwanza, ule wa kurekebisha, wanafunzi hujifunza zaidi, na walio nyuma ndio hufaidika zaidi.

Kipimo changu cha kienyeji ni hiki: Jumatatu yako ilibadilika? Kama jaribio la Ijumaa lilionyesha swali la nne limewashinda wengi, nawe Jumatatu ukaendelea na mada mpya kwa sababu andalio la somo linasema hivyo, ulichofanya Ijumaa ni kuhesabu. Kama Jumatatu ulianza na lile swali la nne, ulipima.

Nina wanafunzi 72 na kipindi cha dakika 40. Hivyo vikaratasi nitavisoma saa ngapi?

Usivisome kila siku, utaugua. Mara moja kwa wiki inatosha. Na siku hiyo usiweke alama: vigawe mafungu matatu, waliopata, waliokaribia na waliopotea, kisha usome kwa makini vichache vya fungu la tatu. Robo saa, umemaliza.

Kwa siku nyingine tumia kitu ninachokiita swali la njia panda. Ni swali moja la kuchagua, linaloulizwa katikati ya kipindi, mahali ambapo usipojua hali ya darasa huwezi kuamua kama unasonga au unarudi. Wanafunzi wanajibu kwa vidole: A kimoja, B viwili, C vitatu. Vidole vishikwe kifuani wala visinyanyuliwe juu, maana vikiwa juu nusu ya darasa itamtazama hodari wa hisabati na kumwiga. Unahesabu moja, mbili, tatu, wote wanaonyesha kwa pamoja. Unatembeza macho sekunde kumi, na majibu 72 unayo.

Ugumu uko kwenye kulitunga swali lenyewe, na hapo ndipo wengi wetu tunalipua. Chukua desimali. Zamani nilikuwa nauliza: ipi kubwa kuliko zote, 0.6, 0.45 au 0.125? Jibu ni 0.6, na darasa langu lilikuwa linapata vizuri sana, nami nafurahi. Kumbe kuna makosa mawili tofauti yanayowasumbua watoto kwenye desimali. Wapo wanaodhani yenye tarakimu nyingi ndiyo kubwa, kwa kuwa 125 ni kubwa kuliko 6. Hao swali langu liliwanasa. Lakini wapo pia waliosikia kwamba sehemu za elfu ni ndogo kuliko sehemu za kumi, wakajiundia kanuni kwamba yenye tarakimu chache ndiyo kubwa siku zote. Hao walichagua 0.6 kwa sababu mbovu, nami nikawapongeza.

Sasa nauliza: 0.4, 0.73 au 0.125? Anayedhani fupi ni kubwa atachagua 0.4. Anayedhani ndefu ni kubwa atachagua 0.125. Aliyeelewa thamani ya nafasi atachagua 0.73. Kila kidole kinanieleza mtoto anawaza nini, si kama kapata au kakosa tu. Kutunga swali moja kama hilo kunaweza kunichukua nusu saa ya jioni. Ukilipata, lihifadhi, maana mwaka ujao watakuja wengine na makosa yaleyale.

Nikiuliza swali, mikono inayonyoosheka ni ileile mitatu. Wengine wamekufa ganzi.

Wengine wameshajua kwamba ile mitatu itawaokoa. Ungekuwa wewe ungejisumbua?

Badilisha mpangilio: uliza, subiri, ndipo utaje jina. Ukitaja jina kwanza ("Asha, kwa nini barafu huelea?") wote wasio Asha wanaenda likizo. Majina yaandike kwenye vijiti au vikaratasi ndani ya kopo, uchomoe kimoja bila kuchagua, na ukirudishe humohumo, ili aliyejibu asidhani zamu yake imekwisha.

Hapo kwenye "subiri" ndipo penye mtihani wetu sisi walimu. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani wa ufundishaji wa sayansi, alichunguza kanda zilizorekodiwa darasani na kuripoti katika miaka ya 1970 kwamba walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, kisha hujijibu wenyewe au kumgeukia mwingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu zaidi, waliojitolea kujibu wakaongezeka, na waliokaa kimya wakapungua. Akasisitiza pia kusubiri mara ya pili, baada ya mwanafunzi kujibu, kabla hujasema "vizuri". Jaribu leo. Sekunde tatu za kimya darasani ni ndefu kama foleni. Mimi huzihesabu kwa vidole vya mguu ndani ya kiatu, wala sioni haya kukiri.

Akisema "sijui", msimwache na msimdhalilishe. "Sawa, nitarudi kwako." Sikiliza wawili wengine, kisha rudi: "Umekubaliana na nani kati yao, na kwa nini?"

Vipi kuhusu dole gumba juu kwa aliyeelewa, chini kwa asiyeelewa?

Ni "mmeelewa?" iliyovaa vidole. Inakueleza mtu anajisikiaje. Itumie kujua nani amechoka.

Nimeuliza swali la njia panda, nusu wamepata, nusu wamekosa. Nikirudia, waliopata wanachoka. Nikiendelea, nimewaacha wengine. Nifanye nini?

Umeangukia bahati, ingawa huioni. Nusu kwa nusu ndiyo hali bora ya kuwafanya wazungumze wao kwa wao. Usitangaze jibu. Waambie kila mmoja amtafute jirani aliyeonyesha vidole tofauti na vyake, na kila mmoja apewe dakika moja ya kumshawishi mwenzake. Kisha wapige kura tena.

Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alianza kufundisha hivi mwanzoni mwa miaka ya 1990 baada ya kugundua kwamba wanafunzi wake walikuwa wanakokotoa hesabu ngumu huku mambo ya msingi hawayaelewi. Wanaofuata njia yake hutumia mipaka ya kukadiria: waliopata wakiwa chini ya asilimia 30 hivi, mjadala hautasaidia, maana watakuwa vipofu wanaoongozana, kwa hiyo fundisha upya, tena kwa njia nyingine. Wakizidi asilimia 70, eleza kwa ufupi na usonge, halafu wale wachache ukae nao wakati wengine wanafanya zoezi. Katikati ya hapo, waache wabishane.

Kwa nini inafanya kazi? Aliyeelewa jana bado anakumbuka alipokuwa amekwama. Wewe na mimi tulishasahau zamani. Pita kati ya madawati usikilize, na usiingilie hata ukisikia kosa. Hilo ndilo lenye uchungu, najua. Kosa hilo liandike pembeni, ndilo utakaloanza nalo mkirudi pamoja. Na kura ya pili isipobadilika, basi wanafunzi hawana la kupeana, na kazi inarudi kwako.

Nikisahihisha, niweke alama, niandike maoni, au vyote viwili?

Akili ya kawaida inasema vyote viwili. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha utafiti uliogawa wanafunzi makundi matatu: waliopewa maoni peke yake, waliopewa alama peke yake, na waliopewa vyote. Waliopewa maoni peke yake ndio waliofanya vizuri zaidi na kubaki na hamu. Waliopewa vyote hawakupata faida ile ya maoni. Ukimrudishia mtoto daftari utaiona sababu kwa macho yako: anatafuta alama, anachungulia ya jirani, anafunga daftari. Maoni uliyoyaandika usiku wa manane hakuna aliyeyasoma.

Sisemi ufute alama. Ninachosema ni kwamba kazi ya mazoezi inaweza kukaa bila alama, ilimradi maoni yamwachie mwanafunzi kitu cha kufanya. "Ongeza bidii" si maoni, ni dua. Mwanafunzi akiandika kwamba 1/3 + 1/4 = 2/7, X nyekundu inamwambia amekosa na basi. Mimi ningemwandikia: "2/7 ni ndogo kuliko 1/3 uliyoanza nayo. Inawezekanaje ukaongeza, kisha ukapata pungufu?" Kisha kipindi kinachofuata wape dakika tano za kujibu maoni kwenye daftari, mbele yako. Bila dakika hizo tano, usijisumbue kuandika.

Mkuu wangu anasema kama hakuna alama kwenye kitabu, hakuna ushahidi kwamba nilipima. Nimwonyeshe nini?

Mwonyeshe mistari miwili. Mimi nina daftari dogo la mfukoni ambalo kila kipindi nilichopima naandika nilichokiona na nilichokifanya. Ukurasa wa karibuni unasomeka hivi:

"Jumanne. Desimali. Zaidi ya nusu wameonyesha C (0.125). Mjadala wa jozi haukusaidia. Jumatano: acha ukurasa wa 41, anza na jedwali la thamani ya nafasi, wachore wenyewe."

"Jumatano. Swali lilelile kwa namba nyingine. C wamebaki sita, wote benchi la nyuma dirishani. Je, wanauona ubao? Kesho wahamie mbele."