Kapu la sufi limeishinda sufuria ya umeme

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: nyumba ambayo wakubwa wote wanatoka asubuhi inapikaje chakula chepesi, kisichonenepesha, na je, hizi sufuria za umeme za kupika polepole zinatufaa? Najibu nikiwa Mtwara mjini, Chikongola. Mimi ni fundi cherehani, mke wangu ni muuguzi, wiki hii zamu ya mchana, wiki ijayo ya usiku. Tuna watoto watatu na tunaishi na mama yangu mzazi. Siku nyingi anayepika ni mimi, na wanaocheka nimeshawazoea.

Sufuria tunayo. Shemeji alituletea kutoka Dar es Salaam: chungu kizito cha kung'aa, kifuniko cha kioo, swichi ya joto la chini na la juu. Umeme haili sana. Yetu imeandikwa wati 200, kwa hiyo hata ikikaa saa nane haimalizi yuniti mbili. Unatia vitu asubuhi, unawasha, unafunga mlango. Wiki ya kwanza nilipika supu ya kongoro, mama akanyonya mifupa mpaka ikawa myeupe, nikajiona bwana mpishi.

Wiki ya pili nikapika maharage mekundu. Niliyaosha, nikayatia mabichi na maji ya bomba, nikawasha joto la chini. Saa moja usiku tukala. Yalikuwa yameshika umbo vizuri, ila ukiyabana kwa ulimi unakuta katikati pana kiini kigumu kidogo. Nikasema ndiyo mapishi ya kisasa. Kabla ya saa nne binti wa katikati anatapika, mimi namfuata, mdogo analia tumbo. Mama, ambaye alikula vijiko viwili tu, akatangaza kwamba ile sufuria ina mkono wa mtu. Mke wangu alipotoka zamu aliuliza swali moja: "Baba watoto, uliyachemsha kwanza?"

Sikuyachemsha, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo lingefaa kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Maharage mekundu mabichi yana sumu yake ya asili, aina ya protini iitwayo lektini. Inavunjwa na mchemko wa nguvu. Unayaloweka saa tano au zaidi, unamwaga yale maji, unatia mapya na kuyachemsha yakitokota walau dakika kumi, ndipo unayahamishia kwenye moto wa taratibu. Joto la chini la sufuria hizi linaweza lisifike hata nyuzi 80, na joto la namna hiyo haliiondoi ile sumu, linaweza hata kuizidisha. Bibi zetu hawakupata shida hii kwa sababu maharage yao yalitokota kwenye mafiga tangu mwanzo.

Hata hivyo hayo yalikuwa makosa yangu, sufuria sikuiacha. Kilichonitoa kwake ni umeme. Siku moja nimerudi saa kumi, taa ya sufuria inawaka, kila kitu kinaonekana salama. Nikagusa chungu, vuguvugu. Jirani akaniambia umeme ulikatika saa tatu asubuhi, umerudi sasa hivi. Nyama ilikuwa imeshinda kwenye joto la maji ya kuogea. Chakula kikikaa kati ya nyuzi 5 na 60 kwa saa nyingi, vijidudu huzaliana, na vingine huacha sumu ambayo hata ukichemsha tena haitoki. Nikamwaga kilo nzima ya nyama kwa bei ya siku hizi. Mama aliniangalia tu, hakusema neno, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Kesho yake ndiye aliyenikumbusha kapu. Zamani, akasema, chungu kikishatokota walikifunika, wakakizungushia magunia na matambara, wakaenda shamba, chakula kikaendelea kuiva kwa joto lake chenyewe. Mimi nina cherehani na mabaki ya vitenge ya kujaza chumba, na sufi sokoni ipo. Nikanunua kapu kubwa la ukili lenye mdomo mpana kuliko sufuria yangu kwa kiganja kizima kila upande. Nikashona mto wa duara wa kukaa chini, mto mrefu wa kuzunguka ubavuni kama mshipi, na mto mnene wa kufunika juu, yote nimeijaza sufi mpaka ikawa migumu. Foronya zinavuliwa, maana mchuzi utamwagika, usijidanganye. Kazi ya jioni mbili.

Nilipokuwa nashona nilimsimulia mama kwamba hata ile sufuria ya umeme asili yake ni bibi wa mtu. Mmarekani Irving Naxon, aliyepata hataza yake mwaka 1940, alisema wazo alilitoa kwenye masimulizi ya mama yake kuhusu bibi yao huko Lithuania: Ijumaa walipeleka chungu kwenye tanuri la mkate, likiwa linapoa taratibu, wakakichukua kesho yake jioni baada ya Sabato. Mama akauliza kama hao nao walikuwa na sufi.

Sasa mbaazi, maana huku Kusini mbaazi ndizo chakula chetu, na msimu wake bei haiumizi. Usiku naloweka vikombe vitatu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri namwaga maji, natia mapya mpaka yapite mbaazi vidole vitatu, kitunguu kimoja, manjano, pilipili nzima isiyopasuliwa. Yakitokota naacha dakika ishirini, kifuniko juu. Kisha sichungulii. Sufuria inatoka motoni moja kwa moja na kifuniko chake, naivisha taulo kuukuu ili masizi yasichafue mito, naishusha kapuni, mto juu, na juu yake kibao cha kukatia mboga kuugandamiza. Dakika moja ukichelewa ukitafuta taulo, joto limeondoka. Saa saba mchana mtoto mkubwa akirudi shule zinabonyea kwa kidole. Anachofanya ni kuzirudisha kwenye jiko mpaka zitokote tena, ndipo zinaliwa.

Sufuria lazima ijae, walau theluthi mbili. Kidogo kikiwa ndani kinapoa upesi. Nilitaka kupima joto lenyewe nikaazima kipimajoto cha mke wangu, akanikumbusha kwamba cha homa kinaishia nyuzi 42, nitakipasua. Basi napima kwa mkono: nikifungua kapu nikaweza kuacha kiganja kwenye ubavu wa sufuria, pamepoa mno. Kama ni mbaazi za saa mbili zilizopita nazichemsha upya na kuzirudisha. Kama ni nyama na sijui imepoa saa ngapi, hailiwi. Nyama sasa naipika kapuni siku niliyopo nyumbani tu, na haipiti muda wa saa nne.

Nyanya, ukwaju na embe bichi vinasubiri mpaka mbaazi ziwe laini kabisa. Ukianza na uchachu, zitabaki ngumu mpaka uchoke. Kisamvu kibichi hakiingii kapuni wala kwenye sufuria ya umeme. Kisamvu kina sumu inayotoka na mvuke, kwa hiyo kinatwangwa, kinachemshwa wazi bila kifuniko, kinaiva sawasawa. Samaki hana haja ya kapu, changu anaiva kabla hujamaliza kukata ndimu. Pweza ndiye mfalme wa kapu. Namchemsha bila chumvi dakika kumi na tano kwenye maji yake mwenyewe na kikombe kimoja cha nyongeza, namfunika kwa muda wa saa tatu, namtokotesha tena. Hatumpigi mawe ili alainike siku hizi. Na gramu 100 za pweza mbichi zina kilokalori 80 hivi tu.

Nimefika kwenye wepesi. Kapu halipunguzi mwili wa mtu. Linachofanya ni kukupa mchuzi wenye ladha bila kukaanga, ukiruhusu. Mimi nilikuwa namimina mafuta kwa jicho. Siku moja mke wangu akanishika mkono, akanifanya nimimine kwanza kwenye kijiko cha chakula: vijiko saba. Kijiko kimoja ni kama kilokalori 120, kwa hiyo sufuria nzima 840, kila mtu kati yetu sita 140, zaidi ya ndizi mbivu moja, na hapo hata hujala. Sasa ni vijiko viwili, vya kukaangia kitunguu saumu na nyanya mwishoni.

Vita kuu ilikuwa ya nazi. Mama kwake mbaazi zisizo na tui ni chakula cha mgonjwa. Tulikuwa tunatia vikombe viwili vya tui zito, na tui zito lina kilokalori kama 230 kwa kila gramu 100, yaani zaidi ya elfu moja kwenye sufuria. Nikajaribu kuliondoa kabisa. Mama alikula matonge matatu, akasukuma sahani, akasema, "Mwanangu, mimi sijalazwa bado." Tukakubaliana hivi: mbaazi zinaiva kwa maji, na kikombe nusu cha kasimele, yaani tui zito la kwanza, kinaingia mwisho kabisa, zinatokota dakika tatu zinaepuliwa. Tui lililoingia mwisho linanukia nyumba nzima kuliko lililopikwa saa mbili. Mama hajui kipimo kimepungua kiasi gani, nami nawaomba msimtumie gazeti. Mtoto wetu wa mwisho ana miaka minne, yeye anaongezewa kijiko cha kasimele kwenye bakuli lake. Mke wangu ni mkali hapo: mtoto anayekua hafungi mkanda kwa sababu ya kitambi cha baba yake.

Ila nikisema ukweli, mzigo mkubwa ulikuwa ugali. Gramu 100 za unga mkavu wa mahindi ni kilokalori 360 hivi, na mimi nilikuwa nakula robo kilo peke yangu bila kuona aibu. Wapo wanaodhani ugali wa makopa, yaani muhogo mkavu, ni mwepesi. Kwa kalori tofauti ni ndogo sana, na protini yake ni haba zaidi. Sasa ugali wangu ni ngumi moja, nusu ya sahani ni matembele au majani ya kunde, na mbaazi zinajaza pengo, kwa sababu zina protini na zinakaa tumboni. Wiki mbili za mwanzo nililala na njaa. Halafu korosho. Msimu ukifika, huku kila nyumba ina bakuli la korosho za kukaanga, na gramu 30 tu, kiganja kimoja, ni zaidi ya kilokalori 160. Nilikuwa nabana mafuta mchana na kuyatafuna usiku. Bakuli sasa linakaa kabatini na ufunguo anao mke wangu.

Futi kamba iko shingoni mwangu kutwa, kwa hiyo sikuhitaji mizani. Mwezi wa Idi iliyopita kiuno kilikuwa inchi 41. Juzi nimejipima nikiwa nimesimama wima bila kuvuta tumbo, 38 na nusu. Suruali tatu nimezipunguza mwenyewe. Mtungi wa gesi wa kilo 6 uliokuwa unatutosha wiki tatu sasa unapita wiki tano, na majirani wawili wameshaniletea makapu yao niwashonee mito.

Sufuria ya shemeji ipo juu ya kabati, safi. Tunaishusha Jumapili kwa supu, mtu mmoja akiwa nyumbani wa kuangalia taa. Na pilau ya Idi bado tunaipika kwa mkaa na samli, kwenye sufuria kubwa uani. Hiyo sijaigusa, wala sina mpango.

Fundi cherehani, Chikongola, Mtwara