Anasafisha damu, halafu mnamnyima samaki?

Wenzangu mnaouguza watu wa dayalisisi, yaani wanaosafishwa damu kwa mashine kwa sababu figo zimekufa, ile "asile nyama, asile samaki, figo zitachoka" mnayotumiana kwenye magrupu inamhusu mtu ambaye hajaanza mashine. Akishaanza mambo yanageuka, anatakiwa ale protini ya kutosha, gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, maana kila akikaa kwenye mashine protini nyingine inaondoka na yale maji yanayomwagwa.

Kaka yangu hapa Kirumba, Mwanza, wifi alikuwa anampa ugali na mchicha tu, kwa upendo kabisa. Kwenye mizani uzito uleule, watu wanasema mbona anaendelea vizuri, kumbe ni maji, miguu imevimba lakini saa ya mkononi inapanda mpaka karibu na kiwiko. Nesi ndio akaniambia niulizie kipimo cha bikaboneti. Chake kilikuwa 17, na kabla ya kuingia mashine inatakiwa isome angalau 22.

Iko hivi, mwili unatengeneza asidi kila siku na figo nzima ndio zinaitoa. Zikifa asidi inabaki, bikaboneti inayoituliza inapungua, basi mwili unaanza kuvunja misuli na kuchota kwenye mifupa, na hamu ya kula nayo inakata, chakula kinamtia kichefuchefu. Yaani anakonda hata kama sahani imejaa.

Sasa hapa ndio watu wanachanganya. Protini yenyewe inaleta asidi, kweli, kwa hiyo anayekula vizuri kipimo chake kinaweza kushuka kidogo, ila usimpunguzie samaki kwa sababu hiyo! Kazi ya kuirekebisha ni ya mashine, yale maji yake yana bikaboneti inayoingia kwenye damu, daktari anaweza kubadilisha kiwango au akaandika vidonge. Ndio maana masaa manne yawe manne, mambo ya kumbembeleza nesi akutoe mapema sijui kuna daladala unawahi, acheni. Na nyie wa Sengerema daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu 2025, foleni ya kivuko msiisingizie tena.

Jikoni mimi napika sato au sangara, kipande kama kiganja hivi ni gramu 20 za protini, na mayai. Supu yake asinywe bakuli zima, ni maji yale na yanahesabika, halafu potasiamu ya samaki, madini ambayo figo zilizokufa haziitoi, imehamia humo. Dagaa wa Mwaloni (najua mtanichukia) unawala na mifupa yao, fosforasi, madini mengine ambayo figo haziyatoi, ni nyingi mno, hao waonje kwa ruhusa ya daktari. Mboga za majani katakata, chemsha kwenye maji mengi, mwaga ili potasiamu ipungue, ndio uunge. Na kuna jirani alishauri magadi au bekingi soda "ili kuua asidi", hapana jamani, hiyo ni sodiamu, atapata kiu, atakunywa maji, presha itapanda.

Siku ya vipimo hakikisha damu inatolewa kabla ya mashine, ikitolewa baada ya mashine namba inakuwa nzuri ya uongo. Uliza bikaboneti, uliza albumini (protini ya kwenye damu), na mwambie nesi kama suruali zimeanza kumpwaya ili uzito wake mkavu, yaani uzito bila maji ya ziada, upangwe upya.